Mnyama Asilale na Kiu

Ehrenzell, 3 Oktoba 1898

Konstantin amemuuza Nelke. Naandika kwa wino mwekundu kwa sababu mweusi umekauka, lakini hata ungekuwapo ningechagua huu.

Ameniambia mezani, kati ya supu na nyama, kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia chumvi imezidi. Farasi wetu amekwenda kwa Dieterle, mwenye kiwanda cha bia kule bondeni, na badala yake itakuja motokaa. Kaka yangu ndiye daktari pekee wa Ehrenzell na wa mashamba yote ya mlimani, kwa hiyo akisema neno watu huitikia. Mimi ni dada yake, sina mume, na nimemtunzia nyumba tangu baba afe, hivyo nami hutarajiwa kuitikia. Leo sikuitikia. Nilimwondolea sahani kabla hajamaliza.

Balthas, saisi wetu, alikuwa mlangoni na kuni mikononi. Amekuwa katika nyumba hii tangu enzi za baba.

"Na mimi je, Bwana Daktari?" akauliza.

"Wewe upo mpaka Siku ya Mishumaa, kama kawaida. Ukiijua mashine mpaka hapo, utakuwa dereva wangu. Usipoijua, itabidi tuagane."

Siku ya Mishumaa, tarehe mbili Februari, ndiyo siku watumishi wa kwetu wanapobadilisha mabwana. Husimama sokoni na masanduku yao, na kabla mtu hajachukuliwa huulizwa kwanza: bwana wako wa zamani amesema nini juu yako? Balthas anakaribia sitini. Hana mke, hana shamba, ana chumba kimoja juu ya banda la farasi. Nani atamchukua?

Konstantin alijifuta mdomo, akaenda kulala usingizi wake wa mchana. Akalala kweli, nilimsikia akikoroma.

10 Oktoba

Mtu wa Dieterle amekuja kumchukua Nelke. Balthas alimwosha kwato kana kwamba anampeleka harusini. Lile blanketi lake la sufu amebaki nalo.

"Farasi ndiye aliyeuzwa, Bi Ottilie," akaniambia. "Blanketi halikutajwa."

17 Oktoba

Imefika. Imekuja kwa garimoshi hadi stesheni ya bondeni, na fundi wa kiwandani, mtu mmoja mchangamfu aitwaye Zipperer, ameipandisha hadi kwetu. Watu wote walikuwa barabarani, hata wagonjwa waliopaswa kuwa kitandani.

Nilivyoiona mimi, ni gari la farasi lililokimbiwa na farasi wake. Injini iko nyuma, chini ya kiti, silinda moja tu, na kuiwasha lazima mtu akamate gurudumu kubwa la chuma na kulizungusha kwa nguvu zote mpaka ikohoe. Ikishakohoa haiachi. Maji ya kuipoza huchemka na kupotea hewani kama ya chungu, kwa hiyo kila kijiji lazima iongezewe ndoo. Inakunywa yale mafuta ambayo sisi hununua kwa mwuza dawa kutolea madoa. Na ubavuni, niliona kwa macho yangu, kuna kishikio cha mjeledi.

"Mjeledi wa kumchapa nani?" nikamuuliza fundi.

"Wateja wanauliza, mama, nasi tunaweka," akajibu, na nikampenda kwa jibu hilo.

Amekula nasi chakula cha jioni. Mimi nilikuwa jikoni nikikata tambi, nikasikia vicheko tu. Balthas hakukaribishwa. Nilimpelekea sahani yake bandani, nikamkuta anaizunguka motokaa taratibu kama anavyomzunguka farasi mgeni, asisimame nyuma yake asije akapigwa teke.

18 Oktoba

Fundi amerudi kwao. Motokaa imeua bata wa mke wa mwokaji.

24 Oktoba

Wiki hii zamu ya kufagia barabara mbele ya nyumba ni yetu, yaani yangu. Nimefagia mavi ya farasi barabara hii maisha yangu yote bila kulalamika. Leo nimepiga magoti nasugua madoa ya mafuta kwa majivu na brashi, na hayatoki. Mke wa mwokaji alisimama dirishani muda wote.

"Maendeleo hayo, Bi Ottilie!" akaniambia.

Nilimjibu jambo ambalo sitaliandika.

2 Novemba

Mvua. Mikanda ya ngozi ikilowa inateleza, na mlima ukianza motokaa inasimama kama punda. Tulikuwa tunakwenda shamba la Steinhof kumbadilishia mzee bandeji. Konstantin akaniambia nishuke nisukume. Nikashuka. Nikasukuma, sketi ikiwa imeloa matope hadi magotini, Balthas upande huu na mimi upande ule, na daktari wetu juu ya kiti amevaa kofia yake.

"Na wewe je?" nikampigia kelele.

"Lazima mtu ashike usukani, Ottilie!"

Nelke hakuwahi kuniambia nishuke.

11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martini. Nilichoma bata bukini. Baada ya chakula Konstantin alikuwa na furaha, akaenda bandani kumfundisha Balthas, nami nikaenda nyuma yao kuchukua mayai. Nayaandika haya kwa sababu yalinichoma.

Balthas ameanza kuielewa ile mashine. Si haraka, lakini kila anachokishika hakimtoki tena. Anajua kuiwasha, anajua mikanda, anajua kutia mafuta yale membamba na yale mazito. Leo akavua kofia akauliza:

"Bwana Daktari, na usiku je? Usiku mnyama huyu anataka nini?"

Konstantin akacheka mpaka akashika ubavu. "Usiku anataka umwimbie! Balthas, hii ni mashine, si farasi. Usiku haitaki kitu."

"Haitaki kitu," Balthas akarudia, kama mtu anayekariri somo.

"Haitaki kitu kabisa. Mungu wangu!"

Na jioni akaenda kilabuni kwa Simba, akawahadithia wenzake ile habari ya kuimbiwa. Najua kwa sababu mke wa mwokaji aliniimbia wimbo wa kubembeleza watoto nilipokwenda kununua mkate.

20 Novemba

Nilidhani Balthas atakuwa mkaidi. Mwezi uliopita alikuwa akiiita "lile dude" na kutema mate. Nilitaka awe mkaidi, kusema kweli, ili tuwe wawili. Sasa nimemkuta anaipangusa kwa kitambaa, kila msumari, halafu anaifunika kwa blanketi la Nelke na kulikunja vizuri penye injini. Kabla ya hapo alijaza maji mpaka yakafurika.

"Kwani imekwambia ina baridi?" nikamuuliza. Nilikuwa na ukali ambao hakuustahili.

"Mnyama hulala ameshiba na amefunikwa, Bi Ottilie. Mnyama asilale na kiu. Ndivyo nilivyofundishwa na marehemu baba yako."

 Yeye anajifunza kuendesha kitu kilichomfukuza farasi wake, na anakitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza wake zao. Nami nikarudi jikoni nikiwa na hasira zaidi, lakini sasa sikujua niielekeze wapi.

6 Desemba

Ukungu. Wagonjwa wengi wa kifua. Motokaa haikugoma hata mara moja, nalazimika kukiri.

26 Desemba

Jana tulikata mkate wa Krismasi wa mapeasi makavu, na Konstantin akampa Balthas tumbaku. Leo Balthas amekwenda peke yake mpaka stesheni kumchukua mkaguzi wa afya na kurudi naye, bila kusimama, bila kusukumwa. Konstantin akampigia makofi uani.

"Nani angefikiria! Balthas dereva!"

"Basi Siku ya Mishumaa..." Balthas akaanza.

"Ukiendelea hivi, kazi ni yako, mzee wangu."

Balthas akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Nilimwona akienda bandani kwa mwendo wa kijana.

9 Januari 1899



Jana mvua ilikoma na usiku mbingu ikawa wazi. Asubuhi ndoo ya uani ilikuwa imeganda hadi chini. Balthas alikuja jikoni kuomba maji ya moto kidogo, ati mashine haiamki. Nikampa birika. Baada ya muda nikasikia Konstantin akipiga kelele kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto, nikakimbia na aproni.

Blanketi limevuliwa. Balthas amesimama na birika tupu. Chini ya injini, kwenye nyasi kavu, maji yanadondoka. Ubavuni mwa silinda kuna ufa unaoweza kuingiza ukucha, umeshuka toka juu mpaka chini.

"Umefanya nini?" Konstantin alikuwa akisema. "Umefanya nini? Umeigonga na nini?"

"Sijaigonga, Bwana Daktari. Jana jioni ilikuwa nzima. Niliijaza maji, nikaifunika."

"Chuma cha unene huu hakipasuki chenyewe! Tangu siku ya kwanza uliichukia. Ulimlilia yule farasi wako kama mjane. Umengoja tu upate nafasi."

"Bwana Daktari."

"Makusudi! Umeiua makusudi! Siku ya Mishumaa utachukua sanduku lako, na akija mtu kuniuliza habari zako, nitamwambia ukweli. Mpaka hapo usitie mguu humu bandani."

 Balthas alilikunja blanketi, akaliweka begani, akapanda ngazi ya chumba chake. Mimi nikasema, "Konstantin, mtu huyu aliifunika kama mtoto," naye akaniambia nirudi kwenye masufuria yangu.

Nikarudi. Nimevunja bakuli moja. Halikuanguka lenyewe.

10 Januari

Konstantin ameshasema kilabuni. Nilipokwenda kwa mwokaji, mkewe akaniinamia juu ya mikate. "Ati saisi wenu aliipiga nyundo? Na alivyo mpole! Kimya kingi kina mshindo." Basi. Neno limetoka, na katika kijiji hiki neno likitoka halirudi ndani. Hata mimi usiku wa jana nilijiuliza: chuma hupasukaje? Nikamkumbuka akitema mate Oktoba. Leo asubuhi nikamwona akivunja barafu kisimani ili mimi nichote maji, hakuna aliyemtuma, nikajionea aibu kwa swali langu.

12 Januari

Daktari anakwenda kwa miguu. Theluji. Zamu ya kufagia ni yetu tena, na hakuna mafuta ya kusugua.

15 Januari

Mchana wa leo mtoto wa kwanza wa Kreszentia wa Steinhof alikuwa amekaa vibaya tumboni, na mumewe alishuka mlima akilia. Kwa miguu, katika theluji ile, Konstantin angefika jioni, na mkunga alishasema jioni ni kuchelewa. Kaka yangu alisimama uani na mkoba wake, anaiangalia motokaa kupitia mlango wa banda. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui la kufanya. Sikumhurumia. Nilimhurumia Kreszentia.

Balthas alishuka ngazi akiwa amevaa koti.  Aliteremka bondeni, nusu kukimbia, mzee yule, na tukamwona akirudi amesimama juu ya kile kigari cha Dieterle cha kuteleza kwenye theluji, Nelke mbele anatoa moshi puani.

"Panda," akasema. Hakusema "Bwana Daktari". Alisema panda.

Wamefika kwa wakati. Mtoto wa kike, mzima, na mama anapumua. Konstantin amerudi, amekula maini na viazi, akasema Nelke amenenepa. Nikangoja. Nikamletea jibini, nikangoja tena. Nikamuuliza kama amemwambia Balthas ahsante.

"Nilimwambia aende polepole kwenye kona," akasema.

Ningekuwa mwanamume ningempiga.

20 Januari

Fundi Zipperer amekuja na silinda mpya. Konstantin alikuwa kwa wagonjwa, kwa hiyo nilimpeleka fundi bandani mimi mwenyewe. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye ule ufa, akapiga mluzi.

"Barafu hii," akasema.

"Barafu gani? Yeye anasema ni nyundo."

"Nyundo! Mama, tazama. Ufa umetokea ndani kwenda nje. Maji yakiganda huvimba, na chuma kinapasuka kama chupa ya bia iliyosahauliwa nje. Baridi ikianza, kila jioni maji lazima yamwagwe. Hii hapa koki yake, chini. Unafungua, yanatoka, unalala usingizi. Huyu aliyaacha ndani usiku kucha, na naona alikuwa amejaza pomoni."

"Hakujua," nikasema. "Hakuna aliyemwambia."

Zipperer akainua kichwa. "Lakini nilimwambia daktari! Mezani pale, siku niliyoileta. Nikamwambia tena asubuhi wakati wa kuagana, nikamshika na mkono. Akaniambia, 'Fundi, mimi nimesoma fizikia, hunifundishi mimi maji yanavyoganda.'"

Nilikaa juu ya pipa tupu la shayiri. Kumbe alijua. Alikaa na jambo hilo kichwani toka Oktoba. Akaulizwa kwa adabu, kofia mkononi, mnyama huyu usiku anataka nini, na jibu alikuwa nalo, akachagua kucheka. Halafu akamwona Balthas kila jioni akipita na ndoo. Akamwona! Dirisha la chumba chake cha dawa linaangalia banda.

Nilipanda ngazi kwa Balthas. Sanduku lake lilikuwa tayari limefungwa kamba. Nikamweleza yote, haraka, kwa sababu ningeyasema polepole ningepiga mayowe. Nilidhani atafurahi kwamba si yeye.

Alikaa kitandani na kuitazama mikono yake.

"Kwa hiyo ilitakiwa imwagwe," akasema. "Nami niliijaza. Ilipasuka usiku, chini ya blanketi, mimi nimelala hapa juu."

"Si kosa lako, Balthas!"

"Najua si kosa langu, Bi Ottilie." Alikuwa analia na amekasirika, vyote pamoja. "Niliuliza! Mtu mzima mimi, nimeuliza kama mtoto, wakanitungia wimbo. Kama angeniambia neno moja tu, ningekesha nayo."

21 Januari

Nilingoja mpaka amalize kahawa, ili asiseme nimemharibia kifungua kinywa.

"Zipperer alikwambia maji yamwagwe," nikasema.

Akageuza gazeti. "Inawezekana alitaja."

"Mara mbili."

"Ottilie, hilo ni jambo dogo. Mtu yeyote mwenye akili hujua kwamba maji huganda."

"Basi kwa nini hukuyamwaga wewe?"

"Kwa sababu nina saisi!"

"Saisi uliyemwambia mashine haitaki kitu usiku. Nilikuwepo. Nilikuwa na mayai mkononi."

Akakunja gazeti. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na kwa dakika moja nilifikiri itatoka, ile sentensi moja ya kiungwana niliyokuwa nikiingoja toka jana. Badala yake akasema:

"Unataka nifanye nini? Niende kwa Simba nikawaambie watu kwamba mimi, Daktari Rauscher, nilisahau koki? Wataniaminije tena na dawa? Yeye ni mtu wa banda. Baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka."

"Yeye atakumbuka. Atakumbuka akiwa amesimama sokoni na sanduku, hakuna anayemtaka."

"Basi nitampa tumbaku."

Tumbaku. Mungu nisamehe, nilimmwagia kahawa iliyobaki. Ilikuwa imepoa.

22 Januari, Jumapili

Baada ya misa wanaume wote huenda kwa Simba kunywa bia moja kabla ya chakula, na wanawake wote hurudi nyumbani kukata tambi. Ndivyo ilivyo, na sijapata kusikia mwanamke aliyeingia mle saa hiyo isipokuwa nyumba inaungua. Nilirudi nyumbani, nikapiga unga na mayai, nikaweka maji motoni. Nikasimama mbele ya sufuria. Nikafikiri: akinipinga mtu, hoja ninayo; asiponipinga mtu, hoja ninayo vilevile. Nikavua aproni nikatoka.

Moshi wa tumbaku ulikuwa mzito. Konstantin alikuwa kwenye meza yake ya kila siku, na mwokaji, na Dieterle wa bia, na mwalimu. Kelele zikafa moja moja.

"Kuna nini, nyumba inaungua?" mwokaji akauliza.

"Bado," nikasema. "Mabwana, samahani kwa kuwakatizia bia. Kaka yangu aliwaambia Balthas ameipasua motokaa kwa makusudi. Si kweli. Imepasuliwa na barafu. Fundi wa kiwandani alimwambia kaka yangu mara mbili kwamba maji yamwagwe jioni, na hakumwambia Balthas hata mara moja. Balthas aliuliza, mbele yangu, usiku inataka nini. Ule wimbo mliokuwa mnaimba, ndilo jibu alilopewa."

"Ottilie, nenda nyumbani," Konstantin akasema, kwa upole wa kuwaonyesha wengine kwamba mimi mgonjwa.

Dieterle akaweka kikombe chake chini. Ni mtu mnene, husema polepole. "Konstantin. Ni kweli?"

"Ni jambo dogo mno kwa..."

"Sikukuuliza ukubwa wake."

Kaka yangu akatazama ndani ya bia yake.  Kila mtu alielewa, hata mwokaji, ambaye si mwepesi.

"Naenda nyumbani," nikasema. "Wewe kula hapa hapa. Kwangu leo hakuna tambi."

 Maji ya tambi yalikuwa yamekauka na sufuria limeungua chini.

27 Januari

Hatusemezani. Naweka sahani mezani kama ninavyomwekea paka.

2 Februari, Siku ya Mishumaa

Nilipeleka mishumaa kanisani ikabarikiwa, kisha nikaenda sokoni kusimama na Balthas. Hakusimama sana. Dieterle alikuja moja kwa moja, hakuuliza bwana wake wa zamani amesema nini, akampa mkono. "Nelke hali vizuri kwa wengine," akasema, na biashara ikaisha. Nikamfungia Balthas kipande cha nyama ya moshi kwenye kitambaa. Blanketi alikuwa nalo begani.

Konstantin naye alikuwepo, upande wa mabwana, anatafuta dereva. Silinda mpya imeshafungwa, motokaa inakwenda. Aliwaendea vijana watatu au wanne. Kila mmoja alivua kofia vizuri, akasema ameshapata pa kwenda. Mmoja alikuwa bado amesimama pale na sanduku lake tulipoondoka.

4 Februari

Leo nilimwona Konstantin akijaribu kulizungusha lile gurudumu mwenyewe. Likamrudia likampiga mkono.

9 Februari

Baridi kali imerudi. Konstantin alirudi kutoka kwa wagonjwa mchana, akasimamisha motokaa mbele ya banda, na kwa kuwa hakuna wa kumkabidhi akaiacha nje, akaikumbuka jioni. Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni. Alivua glavu, akapiga magoti kwenye theluji na suruali yake nzuri, akaingiza mkono chini ya injini. Akavuta. Akavuta tena. Akanyonya vidole. Koki ilikuwa imeshaanza kuganda, na ndani silinda mpya imejaa maji.

Hapo Nelke akatokea barabarani akivuta gari la mapipa ya bia ya kwa Simba, Balthas juu ya kiti. Farasi alisimama mwenyewe mbele ya lango letu, ndivyo alivyozoea. Nikafungua dirisha. Wala sikujificha.

"Koki haifunguki," Konstantin akasema, bila kumtazama.

Balthas hakushuka.

"Wewe ulikuwa ukiifungua vipi?"

"Sikujua kama ipo, Bwana Daktari."

Kaka yangu akabaki pale chini, mkono mmoja kwenye chuma. Nilimwona akilimeza neno, likarudi, akalimeza tena. Halafu akasema kitu ndani ya ndevu zake.

"Sikusikia," Balthas akasema. "Nelke anapumua kwa nguvu."

"Nimesema nilikosea."

"Huyu farasi jamani."

"Nilikosea, Balthas!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na dirisha la mke wa mwokaji likafunguka ng'ambo ya barabara. "Niliambiwa na sikukwambia! Uliniuliza nikakucheka! Hukuiua wewe, niliiua mimi!"

Balthas akafunga hatamu, akashuka taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu. "Bi Ottilie," akaniita, "kuna maji ya moto?"

Nilimpelekea birika. Alimimina kidogo kidogo juu ya koki, akaijaribu kwa vidole viwili, akamimina tena, mpaka ikalegea. Maji yakaanza kutoka.

"Rudi kwangu," Konstantin akamwambia. Alisema kwa sauti ya chini, na naamini alimaanisha.

"Nina farasi kwenye baridi, Bwana Daktari. Hapaswi kusimama sana." Akanirudishia birika, akapanda, akamwambia Nelke neno, wakaenda.

Maji yalitoka polepole, uzi mwembamba tu, kwa sababu ndani kulikuwa na vipande vya barafu. Lazima mtu akae akiizibua koki kwa kijiti mpaka yaishe. Konstantin alibaki amepiga magoti pale hadi mwisho, vidole vimekuwa vyeupe, watu wanapita. Sikumwambia ainuke.